Samaki wa Dhahabu Anapoelea Ubavu: Mwongozo Kamili wa Kumrekebisha kwa Chakula

Samaki anaelea juu ya maji kwa ubavu. Anapiga mkia ateremke, maji yanamrudisha juu. Mwenyewe akiulizia anaambiwa, "Mpe njegere." Anampa. Siku ya pili hali ni ile ile, siku ya nne samaki kafa, na lawama zote zinaishia kwenye njegere.

Njegere haina kosa. Kosa ni kuiongeza juu ya mlo ule ule uliomfikisha samaki hapo, ndani ya maji yale yale. Kazi hii ina mpangilio wake: maji kwanza, kisha kumfungisha samaki (kumnyima chakula kwa muda), kisha njegere, kisha chakula kipya atakachoendelea nacho. Anayeruka moja huishia kurudi mwanzo.

Wanaopatwa zaidi ni samaki wa dhahabu wa mviringo, wenye mwili mfupi na tumbo pana: Oranda, Ryukin, Ranchu, Black Moor na wenzao. Wale warefu wa kawaida, wenye umbo la samaki wa mtoni, hupatwa kwa nadra.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Njegere mbichi au za barafu. Mbichi utazipata sokoni zinapokuja kutoka Bara. Za barafu zipo kwenye maduka yenye friza. Za kopo achana nazo, zina chumvi.
- Unga mweupe wa ageri usio na sukari wala rangi, ule wa kutengenezea faluda. Soma pakiti vizuri, maana unga mwingi wa faluda unauzwa ukiwa umeshatiwa sukari na ladha.
- Mchicha, na kipande cha samaki mweupe au kamba wabichi.
- Chakula cha dukani cha samaki wa dhahabu, kile cha punje zinazozama.
- Kipimajoto cha tangini, pampu ya hewa na feni ya mezani.
- Vipimo vya amonia na naitraiti, yaani sumu mbili zinazotokana na uchafu wa samaki majini. Vikikosekana, kazi bado inawezekana, nitaeleza.
- Ndoo mbili za lita 20 zisizowahi kutiwa sabuni, mpira wa kunyonyea maji, na beseni pana la kumtenga mgonjwa ikibidi.
- Chumvi ya haluli (kwa Kiingereza Epsom salt) kutoka duka la dawa. Hii ni ya akiba.

Pampu ya hewa inayotumia betri ni fedha iliyotumika vizuri. Umeme ukikatika usiku wa joto, ndiyo itakayookoa samaki.

## Hatua ya 1: Hakikisha kuwa ni tatizo la chakula

Mtazame mara mbili kwa siku moja: asubuhi kabla hajala, na nusu saa baada ya kula.

Kama asubuhi anaogelea sawa na akishakula ndiyo anaanza kuelea, jibu unalo. Ni chakula, na uwezekano wa kumrekebisha ni mkubwa. Kama anaelea kutwa lakini bado anakimbilia chakula, endelea pia na mwongozo huu; kazi yake ni ndefu kidogo tu.

Kama amelala chini na hawezi kuinuka, chakula si mtuhumiwa wa kwanza. Tengeneza maji (Hatua ya 2), lakini usimfungishe.

Kama magamba yamesimama mwili mzima, macho yametoka nje, au ana vidonda vyekundu, acha kabisa habari ya kumfungisha. Huyo ana ugonjwa wa ndani, na njaa itammaliza. Kwa jike mwenye tumbo lililojaa upande mmoja, fikiria pia mayai kabla hujafikiria choo.

Chakula kinawezaje kumwelesha samaki? Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo kama wetu. Anachomeza kinatoka kooni na kuingia moja kwa moja kwenye utumbo. Juu ya utumbo huo, chini ya uti wa mgongo, ndipo kilipo kibofu cha hewa, chenye vyumba viwili, ambacho humwezesha kusimama kwenye kina anachotaka. Kwenye mwili mfupi vyote hivyo vimebanana. Utumbo ukijaa, au ukiwa na gesi, mizani ya mwili inapotea na samaki anapinduka.

Halafu kibofu hicho kimeungana na koo kwa mrija mwembamba. Samaki anayekula chakula kinachoelea, au anayepumulia juu kwa kukosa hewa majini, anameza hewa pamoja na tonge. Shika hili la hewa, linarudi sasa hivi.

## Hatua ya 2: Tengeneza maji na joto

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanahangaika kupasha maji ili samaki asage chakula. Huku kwetu Zanzibar mambo ni kinyume chake. Samaki wa dhahabu wa mviringo anastarehe kwenye nyuzi 20 hadi 24 hivi, na tangi la kioo lililo sebuleni mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, linaweza kupita 29 bila ya kuguswa na jua.

Maji ya moto hubeba hewa kidogo. Kwenye nyuzi 20, lita moja ya maji yasiyo na chumvi inaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni; kwenye nyuzi 30 inashuka hadi 7.5. Wakati huo huo joto linaufanya mwili wa samaki utake oksijeni zaidi. Kwa hiyo anapanda juu, anapiga midomo, anameza hewa. Ukimletea na chakula kinachoelea, umemwongezea.

Fanya hivi:

1. Hamisha tangi mbali na dirisha la jua na mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Chini ya bati bila ya dari si mahali pa samaki huyu.
2. Elekeza feni ya mezani kwenye uso wa maji, kifuniko kikiwa wazi, juu umeweka wavu ili asiruke. Upepo huo unaweza kushusha nyuzi mbili au tatu. Maji yatapungua kwa mvuke. Ongeza kila siku.
3. Washa pampu ya hewa usiku na mchana.
4. Badilisha theluthi moja ya maji leo, na theluthi moja tena kila siku kwa siku tatu.

Onyo: Usitupe mabonge ya barafu tangini. Joto likishuka ghafla, samaki ataumia kuliko alivyokuwa. Nyuzi mbili kwa siku zinatosha.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 hadi 48, yakiwa na pampu ya hewa ukiweza. Maji ya kisima yana habari nyingine. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na maji yanayopita humo huwa magumu na yenye pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu umepungua). Ugumu wenyewe haumsumbui samaki wa dhahabu. Shida ni kwamba amonia inayotoka kwenye kinyesi chake huwa sumu kali zaidi pH ikipanda: kutoka pH 7 hadi 8, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara 10, na joto linazidisha. Ndiyo maana tangi chafu huku kwetu linaua upesi. Visima vilivyo karibu na pwani vina jambo la tatu, yaani chumvi. Kama maji hayafai kwa chai, na tangini usiyatie.

Vipimo vikionyesha amonia 0 na naitraiti 0, uko salama. Huna vipimo? Chukulia kuwa maji ni machafu, ubadilishe kama nilivyosema. Na kama samaki anaishi kwenye bakuli la duara la mapambo, nasema wazi: mlo wowote hautasaidia. Samaki mmoja wa aina hii anahitaji kama lita 75.

Ukifanikiwa utaona: samaki haendi tena juu kupiga midomo, na matamvua yanafunguka na kufunga polepole. Huenda bado anaelea. Hiyo ni kazi ya hatua zinazofuata. Wapo ambao hunyooka hapa hapa bila ya kupewa njegere hata moja.

## Hatua ya 3: Mfungishe siku mbili

Samaki mkubwa, anayezidi sentimita 5 bila ya mkia, asile chochote kwa saa 48. Mdogo zaidi ya hapo, saa 24 zinatosha. Kwenye maji yetu ya vuguvugu utumbo unafanya kazi haraka, kwa hiyo usivutike na wanaosema siku tano au wiki. Hizo ni hesabu za maji baridi.

Lengo ni utumbo utoe kilichomo, gesi itoke, na kibofu kipate nafasi. Samaki mzima havunjiki kwa njaa ya siku mbili, ingawa atakuja mbele ya kioo na kukuangalia kama mdai.

Hatua hii hufelishwa na watu wa nyumbani kuliko samaki. Wewe umemfungisha, mtoto katoka skuli kamtupia kipande cha boflo, bibi kamwonea huruma kampa punje za wali, mgeni kapita naye katia chake. Mkate ni mbaya kuliko vyote, kwa sababu unaelea, unavimba kwa maji, na ni wanga mtupu. Bandika karatasi kwenye kioo: "Nimefunga. Msinilishe." Kisha ficha kopo la chakula. Mwezi wa Ramadhani kuwa mwangalifu zaidi, maana saa za nyumba zinabadilika, na samaki hujikuta analishwa baada ya futari na tena wakati wa daku na watu wawili wasioambiana.

Ukifanikiwa utaona: kinyesi kinatoka siku ya kwanza. Siku ya pili kinaweza kuwa uzi mweupe mwembamba. Huo ni ute wa utumbo mtupu, usikutishe. Tumbo linapungua kidogo, na kwa wengi ule mpinduko unaanza kulegea.

## Hatua ya 4: Njegere, na namna ya kuzitoa

1. Chemsha njegere chache kwa maji matupu, bila ya chumvi wala mafuta, mpaka ziminyike kwa vidole viwili.
2. Zipoze, kisha menya ganda la nje la kila moja. Ganda ni gumu. Likiingia nzima linaweza kumkwama yule yule unayetaka kumfungua choo.
3. Katakata kwa ukubwa wa jicho la samaki.
4. Mpe vipande viwili au vitatu, subiri vizame, atavifuata chini. Kama hawezi kufika chini, mshikie kwa kibano chini ya uso wa maji, karibu na mdomo wake.
5. Kilichobaki baada ya dakika 10 kitoe. Njegere ikioza tangini inarudisha amonia yote uliyoitoa.

Njegere moja kwa siku inamtosha samaki wa sentimita 8 hadi 10. Endelea siku mbili, tatu ukomo, bila ya kuchanganya na chakula kingine. Usizidishe, kwani njegere peke yake haina protini na vitamini za kutosha kumtunza.

Onyo: Mbaazi si njegere. Na mbaazi za nazi zilizobaki kwenye sufuria ya asubuhi, zenye chumvi na tui, zisikaribie tangi kabisa. Hata tone la mafuta hutanda juu ya maji na kuzuia hewa.

Watu wameipamba mno njegere. Inasaidia kwa sababu ina nyuzi, ina maji ndani yake, inazama, na samaki anapewa kidogo. Haigusi maambukizi wala kilema cha kuzaliwa. Ukiikosa, mchicha uliochemshwa na kukatwa vipande vidogo unafanya sehemu ya kazi hiyo.

Ukifanikiwa utaona: kinyesi kinene, cha kijani, kinachokatika na kuzama, kwa kawaida ndani ya siku moja. Kinyesi kinachoelea na chenye mapovu ya hewa kinaonyesha kuwa gesi bado ipo. Ongeza siku moja ya kufunga, kisha rudia.

## Hatua ya 5: Pika jeli ya chakula

Hapa ndipo wengi wanapoachia. Samaki kanyooka, furaha imejaa, kopo la zamani linafunguliwa, na wiki ya pili kalala ubavu tena. Anahitaji mlo mpya, na ulio bora ni jeli: inazama, ina maji mengi, haina hewa, na wewe unajua kilichomo.

Tumia ageri, usitumie jelatini. Jelatini inalegea ikikaribia nyuzi 30, kwa hiyo kwenye maji yetu inageuka uji kabla hajaimaliza. Ageri ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie joto la kuchemka.

Vipimo vya kupata trei ndogo:

- njegere zilizochemshwa na kumenywa, nusu kikombe
- mchicha uliochemshwa na kukamuliwa, konzi moja
- nyama ya samaki mweupe au kamba iliyochemshwa, bila ya miba wala maganda, nusu kikombe
- punje za dukani zilizosagwa, vijiko viwili vya chakula
- maji, kikombe kimoja
- unga wa ageri, vijiko viwili vya chai

Saga njegere, mchicha na samaki kwenye blenda mpaka vilainike. Chemsha maji pamoja na ageri kwa dakika mbili au tatu, huku ukikoroga, mpaka unga usionekane. Epua, mimina ule mseto, koroga upesi. Punje za dukani zitie mwisho, moto wa kuunguza ukishapungua, ili vitamini zisipotee zote. Lakini usizubae, ageri huanza kuganda ikiwa bado ina vuguvugu. Tandaza kwenye trei, unene wa kidole. Itaganda hapo hapo mezani.

Nyama ichemshwe, isitiwe mbichi. Kamba na baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto unakiua. Dagaa wakavu wa sokoni nawakataa, kwa sababu ya chumvi: wengi huchemshwa na maji ya chumvi kabla ya kuanikwa.

Kata vipande vya kutosha siku tatu au nne uviweke kwenye friji. Vingine vigandishe, vitumike ndani ya mwezi. Ikiyeyuka baada ya kugandishwa itatoa maji kidogo. Yamwage, ni kawaida yake. Umeme ukikatika hata jeli ikalainika na kutoa harufu, tupa. Viungo vyake ni rahisi kuliko samaki.

Ukifanikiwa utaona: kipande kinazama mara moja, hakichafui maji, na samaki anakitafuna bila ya kukitema.

## Hatua ya 6: Ratiba ya kila siku

Lisha mara mbili, asubuhi na alasiri, kila mara kiasi cha ukubwa wa jicho lake au zaidi kidogo. Kitaonekana hakitoshi. Kinatosha. Siku moja kwa wiki asile kitu. Ijumaa ni rahisi kukumbuka.

Ukitaka kumpa punje za dukani siku nyingine, ziwe za kuzama, na ziloweke kwa dakika 10 kwenye maji ya tangi. Chakula cha vipande vyepesi vinavyoelea, wape samaki wengine au kigawe.

Kuna anayefikiria viluwiluwi vya mbu, kwa vile ni vya bure. Samaki atavipenda kweli. Lakini usifuge maji ya mbu nyumbani kwa ajili ya samaki. Visiwa hivi vimepigana na malaria muda mrefu. Na vya mtaroni vinaweza kuwa vimekaa kwenye maji yenye dawa.

## Akiba: chumvi ya haluli

Kama baada ya kufunga na njegere tumbo bado limejaa na choo hakitoki, mtie samaki kwenye beseni pana lenye maji yaliyokaa, pampu ya hewa ikiwaka. Yeyusha haluli pembeni, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita 20, kisha imimine kidogo kidogo. Mwache humo siku tatu, huku ukibadilisha nusu ya maji kila siku na kutia haluli kwa nusu uliyoibadilisha tu. Ni haluli, si chumvi ya jikoni.

Mafuta ya karafuu, ambayo Pemba yanakamuliwa kwa wingi, wengine hudhani ni dawa ya kila kitu. Kwa samaki ni usingizi. Matone machache yanamlevya, zaidi ya hapo yanamuua. Usiyatie tangini.

## Asiponyooka

Mpe wiki mbili za mlo mpya na maji safi. Baada ya hapo, kama bado anaelea lakini anakula na anazunguka, huenda kibofu chenyewe kina kasoro, na chakula hakitakirekebisha. Samaki wa namna hii anaweza kuishi miaka.

Punguza kina cha maji kifike sentimita 20 hivi, ndani ya chombo kipana, ili chini pawe karibu. Punguza nguvu ya chujio asisukumwe. Mlishe kwa kibano. Tazama kila siku sehemu ya mwili inayobaki nje ya maji: ngozi hiyo hukauka, ikawa nyekundu, ikaingia kidonda. Ukiona wekundu, ongeza kubadilisha maji na umwekee jani pana linaloelea, au kipande cha wavu laini chini kidogo ya uso wa maji, ajibanze chini yake mgongo ubaki majini.